Mzinga Uliotangulia Kibirichia

Ishiara,
11 Mei 2025

Binti yangu Peninah,

Mzinga wako umeondoka jana jioni kwenye pikapu ya Marete, yule mfanyabiashara wa huko juu anayetuletea viazi na kurudi na ndengu. Nimeuziba mdomo kwa gunia lenye maji, nimeufunga kwa kamba ya katani, na nimemwambia Marete akiona shimo barabarani aliheshimu, maana humo ndani nimepakia viumbe wenye hasira kuliko mimi. Akacheka. Kicheko sikukisikia ila meno niliyaona.

Usiniulize kwa nini nakuandikia badala ya kupiga simu. Tangu masikio yangu yafe, simu nimemwachia ndugu yako Mbaka. Kazi yake ni kuniandikia mnayosema, na Mbaka ni mvivu. Wewe unaongea mpaka pesa inaisha, yeye ananiandikia, "Peni anakusalimia." Hizo herufi za simu nazo kwa macho haya ni siafu watupu. Basi andika kwa kalamu, kubwa kubwa, umpe Marete. Na uandike Kiswahili. Kimbeere chetu ni cha mdomoni. Nilichojifunza kukiweka kwenye karatasi ni hiki cha miaka ya kazi bwawani Kiambere, na sitaki kuanza shule upya.

Sasa la maana. Huyu kijana wako Mmeru, Mithika, alipokuja na mama yake kujitambulisha, nilimpa chai, jibu sikumpa. Jibu liko ndani ya mzinga. Katika ukoo wetu, binti akitaka kuolewa nchi ambayo baba yake haijui, mzinga hutangulia. Unatundikwa kwenye boma atakaloishi. Nyuki wa baba wakikaa msimu mgumu wa nchi hiyo, baba anakubali. Wakihama, binti anarudi nyumbani, na maneno yameisha. Shangazi yako Cicily alirudi hivyo kutoka Nyambene, akaolewa hapa hapa, na mpaka leo hajatushukuru wala kutulaumu.

Msimu mgumu wa huko ni baridi, umeniambia mwenyewe. Basi nyuki wangu wakiwemo bado mvua za Oktoba zikianza, wenzako waje na asali yao tuongee. Wakihama, utaomba uhamisho urudi kufundisha huku kwetu. Umekubali mbele ya Cicily, usije ukageuka.

Sikia maagizo. Mzinga utundikwe juu, penye kivuli kizito, mdomo uelekee mlima ili upepo uingie. Nyuki anachukia jua. Usibadilishe hata kidogo.

Na usifikiri namchukia kijana wa watu. Mama yako alishatuacha. Sauti yako siisikii tena. Sasa na sura yako ipande mlimani ikae huko? Niache niwe mgumu kidogo, Peni.

Ni mimi baba yako,
Njuki


Kibirichia,
25 Mei 2025

Baba mpendwa,

Wamefika! Marete anakuambia hatabeba tena mzigo unaomnung'unikia njia nzima. Mithika aliupandisha mzinga kwenye mwerezi mkubwa ulio nyuma ya boma la mama yake, Gacheri, penye kivuli ambacho hata mchana unaona giza. Mdomo tumeuelekeza mlimani kama ulivyosema. Huku wanauita Kirimara, lakini mlima ni ule ule, ila hapa uko karibu mpaka unaogopa kuunyooshea kidole. Mithika alipoondoa gunia aliumwa sikioni, shavuni na mahali pengine ambapo amekataa kunitajia. Nikamwambia hizo ndizo salamu za mkwe.

Mimi bado nakaa kwenye chumba changu cha kupanga pale sokoni karibu na shule, usiwe na wasiwasi. Nakwenda kwa Mama Gacheri Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa. Ni mtu wa maneno machache na mikono mingi. Ananifundisha kupanda viazi.

Baridi, Baba, usiniambie kitu. Nalala na sweta mbili, soksi na kofia ya marvin. Nikiandika ubaoni asubuhi vidole vinakataa. Watoto wa darasa la nne wananicheka, ati mwalimu anatetemeka Mei, je, Julai atafanyaje? Mama Gacheri ananiambia Julai, usiku ukiwa hauna mawingu, ardhi yenyewe inageuka nyeupe. Wanaita sakitu. Anasema inaanguka usiku kimya kimya, na kunapokucha kila jani limevaa nyeupe.

Nyuki wako wazima. Mchana wanatoka, wananguruma vizuri, sauti ile ile ya nyumbani. Nikiisikia nafunga macho nakuona wewe chini ya ule mgunga wetu na kibuyu chako cha uji.

Wako mwanao,
Peninah


Ishiara,
8 Juni 2025

Peni,

Barua imefika na viazi vimefika. Viazi ni vitamu. Barua ina uongo.

Ardhi igeuke nyeupe! Nimewasomea wazee sokoni kile kipande cha sakitu. Sikusikia walivyocheka, lakini Nthiga alishika mbavu mpaka akaketi chini. Mimi nimeishi miaka sitini na saba, nimeona ardhi nyekundu, nimeiona ya kijivu, mwaka ule wa njaa niliiona haina rangi. Nyeupe ni ya mlima Kirinyaga peke yake, kule juu kabisa, anakokaa Mungu. Babu yangu alikuwa akiamka anageuza uso kule, anatema mate ya baraka, anaomba mvua. Hakuwahi kuniambia kwamba kile kitu kinashuka kwenye mashamba ya watu.

Huyo mama anakupima akili. Au anakutisha ukimbie. Ukikimbia mimi nitafurahi, lakini usikimbie kwa uongo.

Niambie zaidi habari za nyuki. Unasema wananguruma. Vipi? Asubuhi sauti iko chini au iko juu? Jioni je? Mimi nikisimama chini ya mizinga yangu hapa sasa naona tu vidoa vinapita. Ni kama kutazama watu wanaongea ng'ambo ya mto. Wewe ni masikio yangu, andika vizuri.

Baba yako,
Njuki


Kibirichia,
13 Julai 2025

Baba,

Keti kwanza. Mwite na mzee Nthiga, aache kushika mbavu.

Nimeiona. Jana, Jumamosi. Nimeikanyaga kwa miguu yangu hii, na mpaka sasa ninapoandika moyo haujarudi mahali pake.

Usiku wa Ijumaa haukuwa na wingu hata moja. Nyota zilikuwa nyingi na kali, na Mama Gacheri alinitumia ujumbe kwamba kesho alfajiri kila mkono utahitajika. Nilitoka chumbani bado giza-giza. Kutoka sokoni mpaka kwake ni mwendo wa kupita mashamba, njia naijua, naipita kila wiki. Baba, sikuijua. Nilipofika pale nyumba zinapoishia nilisimama. Kila kitu kilikuwa cheupe. Majani, matuta ya viazi, sukuma wiki, seng'enge za ua, kinyesi cha ng'ombe, gogo ambalo watoto hukalia wakingoja shule. Chote! Si nyeupe ya chokaa. Ni nyeupe inayometa, kama chumvi iliyomwagwa na mtu aliyekuwa na wakati wa kutosha, asiache hata jani moja.

Nikaweka mguu. Nyasi zikalia, krrp, chini ya gambuti. Nikaweka mwingine. Nikageuka nyuma nikaona nyayo zangu za kijani zimenifuata, nikaona haya, kama mtu aliyeingia na matope kanisani. Nikavua kofia, na baridi yote ile. Sijui nilimvulia nani.

Hakukuwa na sauti. Ndege hakuna, jogoo wamenyamaza. Kwenye utando wa buibui uliofungwa katika seng'enge kila uzi ulikuwa umenenepa kwa weupe, ungeweza kuuhesabu. Dimbwi la maji pale kwa fundi wa baiskeli lilikuwa limevaa kioo. Nililigusa kwa kidole likapasuka, nikaokota kipande, kikaniunguza. Ndiyo, Baba, baridi inaunguza! Na juu ya yote hayo mlima ulikuwa umesimama wazi, mweupe vile vile, na kati yake na miguu yangu hakukuwa na mpaka. Nililia. Nakuambia ukweli, nililia peke yangu njiani kama mtoto, na si kwa huzuni.

Nilipofika bondeni nikaona watu. Mteremko mzima, kila shamba, watu wameinama na ndoo na mikebe, wanamwagia viazi maji. Hakuna anayeongea. Mama Gacheri akanipa kopo bila hata salamu, akanionyesha mstari wangu. Yaani jua likiligusa jani likiwa bado na sakitu, jani linakuwa jeusi saa ile ile, kama limepitiwa na moto, na viazi vimekwisha. Lazima uyaoshe majani kabla jua halijatokea. Ndiyo maana hawasalimiani. Wanashindana na jua. Mikono yangu ilikufa mpaka kiwiko. Mithika alikuwa mistari miwili mbele yangu, kila akimaliza ndoo anageuka kuangalia kama nimeanguka.

Kisha jua likachungulia juu ya vilima vya Nyambene. Lilipogusa ng'ambo ya bonde, weupe ukaanza kupanda hewani kama mvuke wa sufuria, ukapanda shamba baada ya shamba ukitujia, na mahali ulipotoka palibaki kijani kinachometa maji. Watu wakanyoosha migongo. Ndipo Mama Gacheri akasema, "Umeamkaje, mwanangu?" Na kila mtu kila mahali akaanza kusalimiana, bonde zima likajaa sauti. Kwa mara ya kwanza aliniita mwanangu.

Tuliokoa shamba lake lote, isipokuwa kona ya chini.

Nyuki wamenyamaza kidogo kwa sababu ya baridi.

Mwanao,
Peninah


Ishiara,
20 Julai 2025

Peni,

Barua yako nimeisoma, nikairudia, nikampelekea Nthiga, naye ameirudia. Hajacheka. Ameuliza kama unaweza kumtumia kile kioo cha dimbwi kwenye chupa.

Lakini mimi ni baba yako na sijazaliwa jana. Umeniandikia karatasi nzima za weupe, na nyuki umewapa mstari mmoja. Nyuki hanyamazi "kidogo". Mzinga wenye nyuki hata wakati wa baridi una sauti ukitega sikio. Ulitega sikio? Umesikia nini?

Mwezi wa nane shule zikifungwa, niambie siku. Nitakuja na Mbaka. Nitaona mwenyewe.

Njuki


Kibirichia,
24 Julai 2025

Kwa Mzee Njuki,

Pokea heshima zangu na za mama yangu Gacheri. Mzee, Kiswahili changu ni cha shambani, nikikosea mahali naomba unisamehe, lakini hili jambo siwezi kumpa mtu mwingine akuandikie.

Mzinga ni mtupu. Nyuki wako walihama.

Ile asubuhi ya sakitu, tukishamaliza viazi, Peninah alikwenda pale kwenye mwerezi. Mimi nilimfuata. Alisimama chini ya mzinga akatega sikio muda mrefu sana. Halafu akaniambia nipande niangalie. Nilipanda. Ndani kulikuwa na wachache wamekufa, wamekauka. Wengine wote hawakuwemo, masega yamebaki matupu. Siku mbili tatu kabla ya hapo niliona kundi likipita juu ya shule likielekea kwa joto, upande wa kwenu, na sikutaka kuamini ni wao. Peninah aliketi chini kwa hiyo nyasi yenye maji akakaa hapo mpaka saa sita. Hajui naandika hii barua. Usimkasirikie kwa ule mstari mmoja, barua yako alinisomea. Alikuwa anatafuta nguvu ya kukuambia, hakuipata.

Nikuambie pia lingine, ili usilisikie kwa watu. Mjomba wangu Murungi, anayeuza miraa Kangeta, aliniambia niache ujinga. Kuna mtu anajua kushika nyuki, atanunua kundi, aliweke ndani ya mzinga, mzee akija atakuta nyuki. Akasema, "Nyuki ni nyuki, kwani huyo mzee anawajua kwa majina?" Mzee, nilikaa na hilo neno siku mbili. Nampenda Peninah, sitakuficha. Ningeweza kufanya mambo mengi ya ujinga juu yake. Lakini nikafikiria, nikikuletea nyuki wa kununua, kila ukija kwangu maisha yangu yote nitakuwa naangalia kwingine. Nikamwambia mjomba hapana.

Mzinga nimeuteremsha, maana kwa ule mti kuna ukungu na mbao inaanza kushika kuvu. Ni kazi ya mikono yako, sikutaka ioze. Nimeuweka nyuma ya jiko la mama juu ya magogo mawili, penye jua la asubuhi, mpaka siku utakayokuja kuuchukua. Hatuugusi tena. Mama hataki hata kuku wapite karibu.

Kama utamchukua Peninah pamoja nao, nitawabebea mizigo mpaka stendi. Si kwa sababu nimekubali. Ni kwa sababu ulisema mbele ya watu, na yeye alikubali mbele ya watu.

Mimi mtoto wako kama utaniruhusu kusema hivyo,
Mithika


Kibirichia,
10 Agosti 2025

Baba,

Sijui nikuandikie kama binti au kama mtu anayengoja hukumu. Mlipoondoka juzi na Mbaka hukusema neno. Hata la kwaheri. Uliingia kwenye pikapu ya Marete ukaangalia mbele.

Niliona mlikuja na kamba na magunia. Nilijua ni ya mzinga na vitu vyangu. Usiku ule nilipanga nguo zangu kwenye sanduku, nikalileta kwa Mama Gacheri nikamwambia asante, naye akakaa kitandani karibu na lile sanduku akashika mkono wangu, hakuna mtu aliyelala. Wewe na Mbaka mlilala kwenye nyumba ya Mithika, na Mbaka ananiambia Mithika alikaa mlangoni mpaka asubuhi kwa sababu vitanda ni viwili.

Halafu alfajiri ukatoka nje, ukaikuta sakitu. Mungu alikuwa ameiweka tena, Baba, kama mtu aliyekungoja. Nilikuwa nimesimama jikoni. Nilikuona umefika katikati ya uwanja ukasimama. Uliinama ukashika nyasi kwa vidole viwili, ukazitazama, ukazionja! Uliangalia mlima, ukaangalia miguu yako, ukaangalia mlima. Halafu ukaanza kutembea. Nilikufuata nyuma. Ulipita matuta, ukapita seng'enge, ukafika mpaka bondeni, ulikuwa unaweka mguu taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Watu walikuwa wanamwagia viazi, wakakuona mzee mgeni na kofia mkononi, na hakuna aliyekuuliza wewe ni nani. Mama mmoja akakupa kopo. Nawe ukainama ukamwagia! Sikuwahi kukuona ukitii amri ya mtu.

Tuliporudi ulikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Ulimwita Mbaka alete kamba. Ukaweka mikono yote miwili juu ya mzinga ili uuinue, na hapo ukaganda. Nilifikiri umeumia mgongo. Ukaweka na paji la uso. Ulikaa hivyo mpaka jua lilipougusa mzinga, ndipo wakaanza kutoka. Naapa kwa mama yangu, Baba, hakuna kati yetu aliyejua. Tulikuwa hatusogei pale, kwa huzuni na kwa heshima. Asubuhi kukiwa na baridi hawatoki, mchana sisi tuko shambani. Nilipowaona nilishtuka kuliko wewe. Wadogo, weusi, wenye manyoya. Si wetu. Walitembea mikononi mwako, na machozi yanakutoka, kisha ukasimama, ukamkabidhi Mbaka ile kamba, ukaenda kwenye gari.

Najua unachofikiri. Unafikiri Mithika alimsikiliza mjomba wake. Najua sasa kuhusu barua yake, Mbaka alinionyesha. Baba, hakuwaweka. Sina ushahidi isipokuwa uso wake.

Lakini sitajitetea kwa ujanja. Ulisema nyuki wako wakikaa. Wako hawakukaa. Sanduku langu bado limefungwa. Nitumie neno moja tu, niache kulala nikiwa nimevaa viatu.

Peninah


Ishiara,
17 Agosti 2025

Peni, mwanangu, fungua sanduku.

Vua viatu, mama, ulale. Ndiyo. Ndiyo hiyo, nimeiandika mwanzo kabisa ili usihangaike kuitafuta chini. Mithika na watu wake waje.

Sasa nikugombeze. Kwani Cicily hakukuambia? Jibu la binti halitolewi kwenye boma la wanaomtaka. Baba akiwa kule anafunga mdomo, anarudi kwake, anafungua mlango wake, anasimama kwenye udongo wake, ndipo anasema. Mimi nilijua kwamba unajua. Mama yako angekuwa hai angekuambia ukiwa mdogo, na mimi mjinga nikaacha kazi yake bila mtu. Siku zote hizi wewe umelala na viatu na mimi huku nakula furaha peke yangu! Marete alichelewa sokoni wiki hii, ningempata mapema ningempa barua ikakutana na yako njiani. Nisamehe.

Na ukweli mwingine ni huu: hata bila desturi nisingeweza kuongea. Ningefungua mdomo pale mbele ya mkwe na mama yake ningelia kwa sauti, na mimi sauti yangu siku hizi sijui ina ukubwa gani.

Hukusema uongo wa sakitu. Naomba msamaha kwa niaba yangu na ya mzee Nthiga. Peni, nimeangalia ule weupe maisha yangu yote kutoka huku chini. Ni wa mbali. Ni wa kuelekezwa uso na kuombwa. Halafu natoka nyumbani kwa watu kwenda haja ndogo, naukuta umekaa uwanjani, umelala juu ya mifagio na mabakuli ya kuku! Nilionja kwa sababu sikuyaamini macho. Ni maji tu. Nilifikiri, babu yangu aliomba miaka yote akiangalia juu, na huku watu wanaamka wanaukuta mlangoni, wanachukua ndoo wanaendelea na kazi. Yule mama aliponipa kopo, nilimtii kwa sababu nilikuwa tayari kumtii mtu yeyote.

Kuhusu nyuki wangu, acha kulia. Mimi ndiye niliyewafukuza. Kivuli kizito, mdomo uelekee mlima! Hayo ni maagizo ya Mbeere, mahali ambapo jua linataka kumla nyuki. Nyinyi mkayafuata neno kwa neno kwenye nchi ya barafu, kwa sababu nilisema msibadilishe hata kidogo. Hakuna nyuki angekaa. Mithika alipouweka ule mzinga juani, kwa kuuhurumia tu usioze, ndipo alipoutundika sawasawa. Na wenye nchi wakauona wakaingia. Hao weusi niliwahi kusikia habari zao kwa wazee wa huko juu, kwamba msituni kuna nyuki wa baridi wasio na haraka. Nilidhani ni hadithi kama sakitu. Wangu wangenifukuza mpaka Embu mjini. Wale walipanda kidole kimoja wakashuka kingine, wakaniangalia, wakaenda kazini.

Ati ushahidi. Ushahidi wa nini? Mtu anayetaka kunidanganya kwa nyuki wa kununua hataniandikia kwanza kwamba mzinga ni mtupu. Mwambie nilipoisoma ile barua yake nilikuwa tayari nimeanza kumpenda, nikakasirika, nikachukua kamba na magunia kwa sababu neno langu lilikuwa neno. Mwambie pia mjomba wake wa Kangeta aje siku hiyo. Nataka kumwona kwa macho.

Asali yao wainunue popote. Ya mzinga ule msiiguse mwaka huu. Nyuki wageni msimu wa kwanza wanaachwa wazoee. Hilo umwambie na Mama Gacheri, naye atajua kwamba sisemi nyuki peke yao.

Sasa niseme kile kilichoniliza, maana si weupe peke yake. Nilipoweka mikono juu ya mzinga niuinue, nilisikia. Sitafuti neno lingine, nilisikia. Ilianzia viganjani, ikapanda kwenye mifupa ya mikono, nilipoweka paji la uso ikaingia kichwani mote. Mngurumo wa asubuhi, ule wa chini, wa nyuki walioshikana wakipashana joto. Mwaka mzima na zaidi sijasikia chochote, Peni, hata radi. Niliporudi huku nimezunguka mizinga yangu yote nikiishika kama kipofu. Mbaka anafikiri nimechanganyikiwa.

Basi siku mtakayokuja, kabla ya chai, kabla wazee hawajaketi, nina ombi moja. Najua si kawaida, na Cicily atasimama karibu watu wasiseme maneno. Njoo usimame mbele yangu, ugeuke, nikuwekee kiganja mgongoni, hapo chini ya shingo. Kisha uongee. Ongea lolote unalotaka, hata kama ni kunitukana kwa kukutesa tangu Mei.

Baba yako,
Njuki